Namna ya kuisoma The Lord of the Rings mpaka mwisho, na kuifaidi

Mara ya kwanza niliiingilia dirishani. Nilikuta juzuu ya pili peke yake kwenye meza ya vitabu vya mitumba hapa Tanga, jalada limepauka, muuzaji hana habari nayo, nikadhani nimepata riwaya nzima. Nikaanza kuisoma usiku uleule. Kurasa chache tu, mtu anakufa ameegemea mti, mwenzake amepiga magoti kando yake, na mimi simjui marehemu wala anayemlilia. Nikaifunga. Ikakaa juu ya kabati karibu miaka miwili.

Leo nimeisoma mara nne, mara moja kwa sauti tangu mwanzo hadi mwisho, na naipenda kwa dhati. Wanaonijua huniuliza: kurasa zaidi ya elfu moja, unapitaje? Wengi walishaianza wakakwama, na ukiwauliza walikwama wapi, wanakutajia mahali palepale: kwa Tom Bombadil, yule mwimbaji wa ajabu wa msituni, au kwenye kile kikao kirefu cha baraza nyumbani kwa Elrond. Hizi ndizo hatua ninazowapa. Mwisho sitausimulia.

1. Pata hadithi nzima

Wengi husema ni vitabu vitatu. J. R. R. Tolkien aliandika riwaya moja. Mchapishaji wake wa London ndiye aliyeigawa juzuu tatu, maana baada ya vita karatasi ilikuwa ghali na hakuna aliyejua kama itauzika. Mbili zilitoka 1954, ya tatu 1955. Mwandishi mwenyewe aliipanga katika vitabu sita vya ndani, viwili katika kila juzuu. Kwa hiyo ukifika mwisho wa juzuu ya kwanza usitarajie kufungwa kwa jambo lolote, umesimama tu katikati ya njia.

Kabla hujalipa, fungua uone mambo mawili: ramani, na viambatisho nyuma ya juzuu ya tatu. Si kila toleo lina vyote. Mwaka 1968 lilitoka Uingereza toleo la jalada laini, hadithi yote katika kitabu kimoja, na viambatisho vyote vikaachwa isipokuwa kisa cha mapenzi cha Aragorn na Arwen. Kiweke kisa hicho akilini, tutakirudia.

2. Anza na vitendawili ukipenda

The Hobbit, ya 1937, ni fupi, ina sura 19, na iliandikwa kwa ajili ya watoto. Si lazima. Ila kama una wiki moja, isome kwanza kwa ajili ya sura ya tano. Mle pangoni, gizani, Bilbo, ambaye ni hobiti, yaani mtu wa kimo kidogo, anategana vitendawili na Gollum, kiumbe wa mle pangoni, na Bilbo akishindwa analiwa. Sisi tuliokua na "Kitendawili!" "Tega!" hatuhitaji kuelezwa utamu wake, wala aibu ya kukosa jibu na kutakiwa kutoa mji. Pete yenye nguvu, ile ambayo riwaya yetu nzima inaizunguka, inapatikana hapohapo. Katika chapa ya kwanza Gollum alikuwa tayari kuitoa kama zawadi ya mshindi. Tolkien alipokwisha kuona pete ile ni kitu gani hasa, akaiandika upya sura hiyo, na chapa ya 1951 ndiyo yenye Gollum tunayemjua.

The Silmarillion, kitabu chake kingine cha visa vya kale vya dunia hiyohiyo, usiiguse kwanza. Iache mpaka umalize.

3. Ruka utangulizi

Juzuu ya kwanza inaanza na maelezo marefu kuhusu mahobiti, tumbaku yao na utawala wa nchi yao. Wengi wamekata tamaa hapohapo. Kama hujasoma The Hobbit, tafuta sehemu ile inayoeleza jinsi pete ilivyopatikana, isome, kisha fungua sura ya kwanza. Mengine utayarudia kwa hamu baadaye.

4. Majina yatamke kwa mdomo wako

Hapa tunayo bahati ambayo hatuitumii. Watu huogopa majina ya riwaya hii, wakayapita kwa macho tu, na jina usilolitamka hulikumbuki. Tolkien alikuwa mtaalamu wa lugha, tangu 1925 profesa wa Kiingereza cha kale pale Oxford. Lugha za Waelfi, watu wasiozeeka wa hadithi zake, alianza kuzibuni muda mrefu kabla ya riwaya hii, na mwenyewe alisema hadithi zilikuja ili lugha zile zipate mahali pa kuishi. Kiambatisho cha E kinaeleza matamshi. Nilipokisoma nilihisi kama mtu amenifungulia mlango wa nyumba yetu wenyewe.

Irabu ni zetu: a, e, i, o, u, hazibadiliki. R hutetemeshwa kila mahali. Th ni ya thamani, dh ni ya dhahabu, ch ni ile kh ya Khamisi. C daima ni k. Basi Celeborn ni Keleborn, na Cirith Ungol ni Kirith Ungol. Caradhras, ule mlima wa theluji, ni Karadhras, na dh yake isikike kama ya dhoruba. Sauron anaanza na sau ya sauti. Msomaji aliyekulia Kiingereza hujifunza haya kwa taabu, wewe unayo kinywani tangu chekechea.

Kisha yakatekate. Dor ni nchi, mor ni weusi: Mordor ni nchi nyeusi, Gondor ni nchi ya mawe. Minas ni mnara, kwa hiyo Minas Tirith na Minas Morgul ni minara miwili, mmoja wa ulinzi na mmoja wa uchawi, inayotazamana kutoka ng'ambo mbili za mto. Amon ni kilima na emyn ni vilima. Sisi wingi tunauweka mwanzoni mwa neno, wao wanaubadilisha tumboni. Ukiujua mchezo huu, jina geni halikutishi tena, linakueleza unakokwenda.

Neno moja nakuomba ulishike kwa uangalifu. Gandalf anaitwa wizard, na kamusi itakupa "mchawi". Likatae. Mchawi kwetu ni mtu wa kudhuru usiku. Gandalf ni mjumbe, mzee mwenye elimu nzito na mwiko wa kutumia nguvu zake kutawala. Ukimsoma kama mchawi, utashindwa kuelewa kwa nini anaogopa kupewa pete, hata ya kuitunza tu.

5. Weka daftari

Daftari la kawaida la shule linatosha. Kila mtu mkubwa mpe ukurasa wake, kwa sababu mtu mmoja ana majina mengi, na kila jina linatoka kwa watu tofauti. Aragorn ni Strider kwa watu wa mji wa Bree, Dúnadan kwa wengine, Estel kwa waliomlea, na Elessar anakuja baadaye. Gandalf ni Mithrandir kwa Waelfi na kwa watu wa Gondor. Andika jina, kisha andika ni nani anayelitumia. Utaanza kuona kwamba jina ambalo mtu anamwita mwenzake linaonyesha anajua nini na anampenda kiasi gani, kama huku kwetu mtu mmoja alivyo Mwalimu sokoni, Baba Asha mtaani na Hamadi kwa mama yake.

Sauron na Saruman huwachanganya wote. Andika hivi kwenye jalada la ndani: Sauron, adui mkuu, yuko Mordor na hatumwoni uso kwa uso riwaya nzima. Saruman yuko Isengard, tunamwona, na silaha yake ni maneno. Ukifika Rohan, majina ya Éomer na Éowyn yana "eo" ya farasi, na wao ni watu wa farasi.

Nasaba usizikimbie. "Aragorn mwana wa Arathorn" ni Aragorn bin Arathorn, basi. Msomaji wa Pwani anajua kwa nini mtu hutajiwa babu saba kabla hajaozeshwa.

Ramani nayo inakili kwa mkono, hata kama huna kipaji cha kuchora. Mimi nilitumia karatasi ya kufungia maandazi, inaonyesha vizuri ukiilaza juu ya kitabu. Kila sura ikiisha, weka nukta ya penseli. Utashangaa jinsi nukta zinavyokaribiana pale watu wanapopata shida.

6. Sura moja kwa usiku

Sura ni 62: 22 katika juzuu ya kwanza, 21 katika ya pili, 19 katika ya tatu. Sura moja kwa usiku ni miezi miwili na unamaliza. Usisome tatu kwa sababu tu unaweza. Riwaya hii inakwenda kwa miguu, na anayeikimbiza anafika bila kuona njia. Mahali pagumu ni patatu.

Pa kwanza ni mwanzo. Bilbo anatimiza miaka 111, na Frodo, jamaa yake na mrithi wake, 33, siku moja, tarehe 22 Septemba, na kuna karamu kubwa. Halafu miaka 17 inapita katika kurasa chache, na Frodo anatoka nyumbani akiwa na miaka 50. Watu hulalamika kwamba hakuna kinachotokea. Kinachotokea ni kwamba unaonyeshwa kijiji kidogo chenye furaha, ili baadaye ujue watu hawa wanakufa kwa ajili ya nini. Mtazame Lobelia, jamaa mwenye tamaa, aliyeachiwa vijiko vya fedha. Usimsahau, hata baada ya sura hamsini.

Pa pili ni sura ya sita hadi ya nane, kwa Tom Bombadil. Filamu za Peter Jackson zilimwacha kabisa, na msomaji mwenye haraka hutaka kufanya hivyo hivyo. Usiruke. Katika vilima vya makaburi mahobiti wanapewa visu vya kale, na kisu kimoja kitakuwa na kazi mbele ambayo upanga mwingine usingeiweza. Tom mwenyewe huna haja ya kumwelewa. Msikilize tu anavyoimba.

Pa tatu ni kikao cha Elrond, sura ya pili ya kitabu cha pili. Ni ndefu mno, watu wamekaa wanazungumza. Mimi niliivuka nilipoacha kuisoma kama sura ya vita nikaisoma kama baraza la wazee. Chora duara. Andika nani amekaa wapi, ametoka nchi gani, na ameleta kesi gani. Kila mmoja ana kesi: huyu ndoto, huyu mjumbe aliyefika usiku, huyu mfungwa aliyetoroka, huyu usaliti wa mwenzake. Gawa usiku mbili. Mwishoni utaona kesi zote zilikuwa moja.

7. Soma kwa sauti

Hii ndiyo hatua ninayoitetea kuliko zote. Mtoto wa kaka yangu alikuwa na miaka kumi na mmoja nilipoanza kumsomea. Nasoma Kiingereza, namfasiria pale anapokwama, mara nyingi hakwami. Usiku mmoja umeme ulikatika tukiwa Moria, mle kwenye miji iliyochimbwa chini ya milima. Nikaendelea kwa tochi ya simu. Wamepumzika kwenye chumba cha walinzi, na katikati ya sakafu kuna kisima. Pippin, kijana asiyetulia, anadondosha jiwe. Nikanyamaza. Kitabu kinasema ilichukua muda mrefu kabla ya kusikika chubwi. Nikahesabu kimoyomoyo. Kisha nikasoma mlio wa jiwe, kisha kimya, kisha, mbali sana huko chini, kitu kikagonga. Kikagonga tena. Mtoto akaweka kiganja chake juu ya ukurasa, akasema, "Shangazi, usiendelee. Wameshajua." Kwa macho peke yangu nilikuwa nimeupita mstari ule mara tatu bila kutetemeka.

Nyimbo nazo zisome kwa sauti, na ukiweza ziimbe. Zimejaa, na wengi huziruka kama matangazo. Sisi tumelelewa na tenzi. Tunajua kwamba hadithi inapoingia kwenye wimbo, msimulizi anakupa kitu cha kubeba. Sikiliza tofauti: utenzi wetu hufunga vina mwishoni mwa vipande, lakini watu wa Rohan wanapoomboleza wafu wao vitani, mashairi yao hushikamana kwa sauti za mwanzo wa maneno, neno kwa neno, kama kwato. Ndivyo Waingereza wa kale walivyotunga, na Tolkien alilifundisha hilo maisha yake yote.

8. Mtafute shujaa pembeni

Hadithi ya shujaa kwetu huanza na sifa. Fumo Liyongo wa Utenzi wa Liyongo, ulioandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, anaingia na urefu wake, nguvu zake na hofu anayoitia mioyoni. Mji mzima unajua ni nani. Tolkien anafanya kinyume. Shujaa wake, mrithi wa wafalme, yupo katika sura ya tisa, na huenda ukampita. Ni mtu amekaa kona ya nyumba ya wageni ya Bree. Buti zake ndefu zimegandamana matope, joho la kijani limechoka kwa safari, kofia ya joho imefunika uso, anavuta kiko. Mwenye nyumba hamwamini. Jina wanalomwita ni la kumdharau.

Fanya hivi: kila Aragorn akitokea, andika daftarini nani anamwona na anamwona kama nani. Shujaa huyu hakui kwa misuli. Anakua machoni mwa watu, mmoja baada ya mwingine, na upanga anaoubeba mwanzoni umevunjika.

Liyongo atakusaidia kulielewa jambo lingine pia. Hakuna silaha iliyomuweza isipokuwa sindano ya shaba kitovuni. Nguvu yote, na mahali padogo pa kufia. Sauron ni vivyo hivyo, ila yeye aliitoa nguvu yake mwenyewe akaitia nje ya mwili, kwenye pete inayoweza kupotea mtoni au kuingia mfukoni mwa hobiti. Kwa hiyo msomaji wa Pwani haulizi kwa nini dunia nzima inatetemeka kwa kipande kidogo cha dhahabu. Anauliza nani anajua siri, na nani atasaliti. Maswali hayo ndiyo yenyewe.

9. Njia zinapogawanyika, usiruke

Mwishoni mwa juzuu ya kwanza msafara unaoisindikiza pete unaanza kusambaratika. Kitabu cha tatu chote ni cha Aragorn na wenzake. Kitabu cha nne chote ni cha Frodo na Sam, mtumishi wake, na wale wengine hatuwaoni kabisa. Utashawishika kuchungulia mbele. Tafadhali vumilia. Mwandishi anataka ukae katika kutojua kulekule walimo wao, maana hata Aragorn hajui kama Frodo yu hai. Ukitaka kujua nani yuko wapi usiku gani, utazame mwezi. Anautaja kila mara, na mwezi unaomwangaza Sam ndio uleule unaowaangaza wengine mamia ya maili mbali.

Kitabu cha nne ni kizito, hasa kile kinamasi chenye nyuso za wafu chini ya maji. Tolkien alikuwa vitani kwenye Somme mwaka 1916, na marafiki zake wa karibu walikufa katika vita vile. Mwenyewe aliandika baadaye kwamba kinamasi kile kina deni kwa kaskazini mwa Ufaransa baada ya Somme. Soma mchana ukiona usiku unakulemea.

10. Usisimame kazi inapokwisha

Jambo kuu linatimia katika sura ya tatu ya kitabu cha sita. Wengi hufunga hapo, na wanaotoka kwenye filamu hudhani yaliyobaki ni kwaheri tu. Zimebaki sura sita. Ya nane kati ya tisa za kitabu hicho, ya kurudi nyumbani, haimo kwenye filamu zile, nayo ndiyo inayoonyesha safari imewafanya nini wale mahobiti wanne. Hapo utamkuta tena Lobelia, na utafurahi kwamba hukumsahau.

Pumzika siku moja. Kisha fungua kiambatisho cha A utafute kisa cha Aragorn na Arwen. Ni kurasa chache. Kisome kwa sauti, ukiwa peke yako kama unajijua hulii mbele za watu.

Na usiku huo huo, kabla hujakirudisha kitabu kwenye rafu, rudi sura ya tisa, kwenye ile kona ya Bree. Soma aya ile moja ya mtu mwenye buti za matope. Mtoto wa kaka yangu alipoifikia safari hii alikinyanyua kitabu mikononi mwangu, akaisoma mwenyewe, polepole, kidole chini ya kila neno.